Mapigo 64: kisa cha MC, kidonge cha moyo na kifua kilichokataa kufunguka

Hiki kisa nimekaa nacho miezi kadhaa, kila nikisema leo naandika zamu inachachamaa. Leo kumetulia. Vitu vidogo vidogo nimebadilisha ili mwenyewe asijulikane na hospitali siitaji, ila mambo ya msingi yako kama yalivyotokea, pamoja na pale nilipochemka mimi mwenyewe.

Jumamosi, saa tatu kasoro usiku, linaingia gari la maharusi. Riboni bado ziko kwenye boneti na maua yanaanguka pale mlangoni, tukajua bibi harusi kazimia, kumbe anashushwa MC. Kijana wa miaka 33, suti ya bluu, shati limelowa jasho, kakaa kaegemea mbele mikono imeshika magoti, akiongea anatoa maneno mawili anakata, mawili anakata. Filimbi ya kifua unaisikia hata bila kipimo. Kaletwa na shangazi yake aliyevaa sare ya kitenge cha harusi, na shangazi ndiye aliyetoa historia yote.

"Dokta mwanangu, ni udi huo. Wamefukiza ukumbi mzima, kila kona chetezo, mtu utapumua nini? Na huyu alikuwa na pumu utotoni."

Basi mimi nikawa nimeshapata jibu. Pumu ya utotoni, miaka karibu kumi na tano hajashika inhela, moshi wa udi, ukumbi una AC kali, nini tena? Oksijeni ya damu asilimia 88, anapumua mara 32 kwa dakika, presha 118 kwa 74, mapigo ya moyo 64. Nikaandika zote kwenye faili. Nimeandika 64 kwa mkono wangu mwenyewe na wala sikuishtukia, na hapo ndipo kosa langu lilipo.

Tukamweka oksijeni, salbutamol (dawa ya kufungua kifua) miligramu 5 kwenye nebulaiza, ile mashine ya kugeuza dawa kuwa mvuke, haidrokotizoni ya mshipa ya kutuliza uvimbe, nikaenda kwa mgonjwa mwingine. Nikarudi baada ya dakika ishirini, kifua kiko vilevile. Nikaagiza ya pili. Dakika ishirini nyingine zimekwenda, oksijeni asilimia 90 na hiyo ni kwa msaada wa mtungi, kifua kinapiga filimbi tena safari hii nyembamba zaidi, na filimbi ikianza kuwa nyembamba huku mtu anazidi kuchoka si dalili ya kupona, ni hewa inaisha.

Aliyeniokoa ni nesi wa zamu, mama mmoja mkongwe, ameanza kazi mimi nikiwa shule ya msingi. Alikuwa amemshika mkono yule kijana, akanigeukia, "Dokta, mbona huyu hatetemeki?"

Nikaangalia. Aisee. Mtu akipewa nebulaiza mbili za salbutamol za nguvu ile mikono inacheza, moyo unakimbia 120, 130, wengine wanalalamika moyo unataka kutoka. Na hata bila dawa, mtu mwenye pumu kali inayombana hivyo moyo wake huwa unakimbia wenyewe tu kwa sababu mwili mzima uko kwenye vita. Huyu mapigo yalikuwa 66. Mkono umetulia kama wa mtu anayesubiri chai.

Nikamuuliza, leo umekunywa dawa gani? Akatikisa kichwa, hakuna. Hata ya kichwa? Hata ya presha? Hata uliyopewa na mtu? Hapo akasita, akaonyesha koti lililotundikwa kwenye kiti. Mfuko wa ndani kuna vikaratasi vya ratiba, kuingia kwa maharusi, keki, zawadi za upande wa bwana, na katikati ya vikaratasi strip imekunjwa, matundu mawili yako wazi. Propranolol 40.

Baadaye akatusimulia. Mkono unamtetemeka akishika maiki, watu wanaona, na harusi hii ilikuwa kubwa kuliko zote alizowahi kushika. Rafiki yake mwenye migreni akampa vidonge vyake, "hivi vinatuliza moyo, hutatetemeka". Kameza viwili saa kumi na mbili jioni. Na kweli havikumdanganya, saa moja alifungua sherehe mkono umenyooka kabisa, saa moja na nusu kifua kikaanza kukaza, saa mbili akamwachia maiki mjomba wa bwana harusi.

Sasa ngoja niingie kwenye ninachotaka kusema, maana hadithi ya "mwenye pumu asipewe propranolol" kila mtu wa afya kaikariri toka chuoni na imejulikana toka miaka ya 1960, dawa ilipoanza tu kutumika waliona wenye pumu wanabanwa. Tatizo tumeikariri bila kujiuliza swali moja dogo. Propranolol haibani misuli. Yenyewe inaziba vipokezi vya adrenalini, pale homoni ya mshtuko inaposhika ili ifanye kazi, basi. Haina mkono wa kushika bomba la hewa ikalikaza. Sasa nani aliyembana huyu kijana?

Aliyembana ni ubongo wake mwenyewe. Na wako pia unabana hivi sasa unavyosoma hapa, kidogo kidogo, bila wewe kujua.

Njia za hewa kuanzia koo la hewa kushuka mpaka vijia vidogo vya ndani ya mapafu zimezungukwa na misuli laini, ile ambayo huiamrishi kwa hiari. Watu wengi tunafikiri misuli ile imelala, inaamka siku ya pumu tu. Hapana, muda wote ina mkazo fulani, na mkazo huo unatoka kwenye shina la ubongo, pale chini kabisa panapoitwa medula, ubongo unapoungana na uti wa mgongo. Pale kuna makundi ya seli, kubwa kwa kazi hii linaitwa nukleasi ambigyuasi, linatuma amri kupitia mshipa wa fahamu wa kumi, vegasi. Vegasi inashuka shingoni kulia na kushoto, inaingia kifuani, inaunganisha kwenye vifundo vidogo vya neva vilivyo kwenye ukuta wa njia ya hewa kwenyewe, halafu neva fupi ya mwisho inamwaga kemikali inaitwa asetilikolini juu ya msuli. Asetilikolini inakaa kwenye kipokezi cha M3, msuli unajikaza. Kemikali hii ndiyo ileile Otto Loewi aliigundua mwaka 1921 kwa mioyo miwili ya vyura, akiichokoza vegasi ya moyo mmoja, akachukua maji yake akamwagia wa pili, nao ukapunguza mwendo. Kwenye moyo vegasi inapunguza kasi, kwenye njia za hewa inabana. Mshipa mmoja, kazi mbili.

Ushahidi kwamba mkazo huo upo hata kwa mzima ni rahisi sana. Mpe mtu asiye na pumu kabisa ipratropiamu, dawa inayozuia asetilikolini isishike msuli, halafu pima, njia zake zinapanuka kidogo. Kama hapakuwa na mtu anayebana, kingepanuka nini?

Na huo ubongo haubani kwa kubahatisha, unabana kwa taarifa. Kwenye kuta za njia za hewa kuna neva za kupeleka habari juu, zipo zinazohisi mapafu yakitanuka, zipo zinazohisi moshi, vumbi, baridi, harufu kali, tindikali. Habari zote zinafika kituo kimoja cha mapokezi humo humo kwenye shina la ubongo, nukleasi ya soliteri, na hapo ndipo inapoamuliwa vegasi ikaze au ilegeze. Ukivuta pumzi ndefu, neva za mtanuko zinasema "mapafu yamejaa", ubongo unalegeza. Moshi ukiingia, neva za muwasho zinapiga kelele, ubongo unakaza na kikohozi juu. Kuna majaribio ya simbilisi, wale wanaofugwa kama sungura, yalinishangaza. Watafiti waliacha neva za kushuka kwenye koo la hewa ziko salama, wakakata za kupandisha habari kutoka mapafuni, na mkazo wa koo la hewa ukapotea. Yaani amri haikuguswa, lakini bila habari kutoka mapafuni ubongo ukaacha kubana. Kwa hiyo mkazo wa kila siku ni mzunguko, mapafu yanaongea, ubongo unajibu, mchana na usiku.

Mtu atauliza, kwa nini ubongo ubane kitu cha kupitishia uhai? Maelezo ninayoyaona ya maana ni kwamba bomba pana kupita kiasi nalo ni hasara, maana hewa inayobaki kwenye mabomba haibadilishani chochote na damu, ni hewa ya kusafiri tu kwenda na kurudi. Bomba jembamba sana nalo linakuchosha kuvuta. Ubongo unatafuta katikati.

Haya, sasa upande wa kulegeza. Hapa ndipo wengi tunapokosea, mimi nikiwemo. Tulifundishwa mwili una mifumo miwili, mmoja unabana mwingine unalegeza, kama kuvuta kamba. Kwenye njia za hewa za binadamu kamba haiko sawa. Neva za upande wa adrenalini hazifiki kwenye ule msuli, au zinazofika ni chache mno. Neva inayolegeza moja kwa moja ipo, ya aina nyingine, inatumia naitriki oksaidi, lakini adrenalini haiji kwa neva, inaletwa na damu kutoka kwenye tezi za juu ya figo. Na msuli umejaa vipokezi vyake, beta 2, unasubiri chochote kinachopita kwenye damu. Kwa hiyo upande wa kubana una waya wa moja kwa moja kutoka ubongoni, upande wa kulegeza wa adrenalini unategemea mzigo unaokuja na mto. Ukiziba vipokezi vya beta, mzigo unapita juu ya msuli na haushuki.

Ndicho kilichotokea. Kijana wetu kakaa ukumbini, udi unawasha neva zake, taarifa zinapanda kwenye shina la ubongo, vegasi inakaza. Siku nyingine adrenalini ya wasiwasi ingekuja ikasawazisha, na huenda ndiyo maana harusi zote za nyuma zenye udi huohuo alitoka salama, wasiwasi wake wenyewe ulikuwa dawa. Siku hii propranolol imekaa kwenye vipokezi. Isitoshe vipokezi vya beta 2 vinaaminika kuwepo hata kwenye ncha za neva za vegasi zenyewe, vikipunguza asetilikolini isimwagwe nyingi. Navyo vimezibwa.

Kwa mtu asiye na pumu kidonge hicho kwenye njia za hewa hakifanyi kitu cha kuonekana. Tofauti iko kwenye breki nyingine. Ncha ya neva ina kipokezi chake yenyewe, M2, asetilikolini ikizidi inarudi kukigusa na kusema "imetosha, funga bomba". Kwenye pumu breki hii mara nyingi haishiki vizuri, kwa sababu seli za mzio zinazojikusanya kuzunguka neva, zile eosinofili, zinamwaga protini inayoenda kukaa juu ya M2. Virusi vya mafua navyo vinaiharibu, ni sababu mojawapo mtoto wa pumu akishikwa na mafua tu kifua kinafuata. Kwa hiyo mwenye pumu hata aliyetulia miaka kumi na tano anaweza kuwa anatembea na breki moja imelegea, na kilichobaki kinachomshikilia ni adrenalini. Kidonge kikaenda kikaiziba na hiyo.

Na sasa unaelewa kwa nini salbutamol zangu mbili zilidunda. Salbutamol inafungua mlango wa beta 2. Mlango umepigwa komeo na propranolol, mimi nje nagonga, naongeza kugonga, nashangaa hawafungui. Dakika arobaini nimegonga mlango uliofungwa.

Nikampigia simu bosi wangu, usiku ule alikuwa nyumbani. Nikamwambia mapigo 66, propranolol miligramu 80, salbutamol mbili hazijafanya kitu. Kimya kidogo, halafu, "Acha beta, nenda kwa vegasi. Ipratropiamu mnayo?" Nesi alishafungua kabati kabla sijamjibu. Zilikuwepo ampuli tatu, na kwa hali ya makabati yetu hiyo ni bahati, kuna miezi haipo kabisa.

Tukaweka miligramu 0.5 kwenye nebulaiza, na magnesiamu salfeti gramu 2 kwenye dripu polepole dakika ishirini, maana magnesiamu inalegeza msuli bila kupitia mlango wa beta. Glukagoni ndiyo ingekuwa hatua inayofuata, inapita njia ya nyuma ya beta, lakini kwetu haikuwepo. Ipratropiamu si dawa ya haraka kama salbutamol, inachukua robo saa kuanza na saa nzima au zaidi kufika kileleni. Hizo dakika zilikuwa ndefu. Shangazi alisimama kwenye kona anasoma dua, riboni moja ya gari imeng'ang'ania kiatu chake.

Dakika ya ishirini na tano hivi akasema sentensi nzima. "Nesi naomba maji." Maneno matatu bila kukata. Oksijeni 93. Tukarudia ipratropiamu baadaye, na usiku wa manane, propranolol inaanza kupungua mwilini maana nusu yake huondoka kwa masaa matatu mpaka sita, salbutamol ikaanza kujibu nayo. Mapigo yakapanda 92 na mkono ukaanza kutetemeka, na kwa mara ya kwanza kazini nikafurahi kuona mgonjwa anatetemeka.

Sikumwondolea macho mpaka asubuhi, hasa saa kumi alfajiri. Muda ule adrenalini iko chini na mkono wa vegasi ni mzito, njia za hewa huwa nyembamba kuliko saa zote za siku. Wenye pumu wanaijua saa hiyo kuliko sisi, ndiyo wanakaa kitandani wameegemea ukuta. Oksijeni ilishuka mpaka 91, tukampa ipratropiamu ya mwisho ya kabati, ikapanda.

Kuna jambo nataka kulisemea hapa kwa sababu lilinikera. Asubuhi akaja ndugu yao mmoja, kasikia neno ubongo kwenye maelezo yangu, akasema "si nilisema, ni mawazo tu huyo, anajitia hofu". Huku kwetu ukisema ubongo watu wanasikia "anajifanyisha". Mwaka 1968 Marekani watafiti kina Luparello waliwapa watu 40 wenye pumu mvuke wa maji ya chumvi, hayana kitu, wakawaambia mna kitu kinachowaletea pumu. 19 njia zao za hewa zilibana kwa kipimo cha mashine, 12 kati yao wakapata pumu yenyewe kabisa, filimbi na kila kitu. Mwaka uliofuata ikaonekana ukiwapa atropini kabla, inayozuia asetilikolini, kule kubana kwa maneno hakutokei. Maana yake neno lililosemwa lilipita kwenye ubongo, likashuka na vegasi, likakaza msuli halisi. Hakuna aliyejifanyisha. Yule ndugu nilimweleza hivyo, akaitikia kwa adabu, sijui kama alinisikia.

Atropini na ndugu zake si ngeni kabisa, maana majani ya mnanaha yana dawa za ukoo huo huo na wazee sehemu nyingi duniani walikuwa wanavuta moshi wake kwa ajili ya pumu, Uingereza ilifika kutoka India mwanzoni mwa miaka ya 1800 na baadaye ikauzwa kama sigara za pumu. Msijaribu jamani. Mnanaha hauna kipimo, jani moja na jingine haviko sawa, na tumewapokea waliochanganyikiwa wanakimbizana na vitu visivyoonekana, macho yamepanuka, mkojo umegoma.

Nikirudia faili lake mwenyewe naona mambo mawili niliyotakiwa kufanya dakika ya kwanza. Kuuliza dawa, tena kwa namna ya kupata jibu, maana ukiuliza "unatumia dawa?" mtu anasema hapana, cha kupewa na rafiki hakihesabu kama dawa, matone ya macho hayahesabu kabisa. Na matone mengine ya presha ya macho, timolol, ni ukoo mmoja na propranolol, yanaingia kwenye damu kupitia puani na mzee mwenye pumu anabanwa kwa tone la jichoni. La pili ni kusoma namba niliyoiandika mwenyewe. Mtu anapumua mara 32 kwa dakika, moyo unapiga 64. Hizo namba mbili hazikai nyumba moja.

Tulimruhusu Jumatatu na inhela mbili, ya kufungua na ya kutuliza uvimbe wa ndani, na kwenye faili na kwenye karatasi ya mkononi nikaandika kwa herufi kubwa dawa asizotakiwa kuzigusa. Strip iliyobaki alitaka kumrudishia rafiki yake, shangazi akaichukua akaitumbukiza kwenye pochi.

Baada ya wiki tatu alikuja kliniki, kifua safi. Nikamuuliza vipi maiki. Akacheka, mkono bado unatetemeka vilevile, kanunua stendi.